Semina ya uhandisi Lamu: ratiba inaanzia kwenye boti ya mwisho

Idara ya uhandisi ikiandaa semina chuoni kwake, mambo mengi hujiendea yenyewe. Projekta imefungwa darini, soketi ziko kila ukuta, na mtoa mada akichelewa anachukua teksi. Lamu mambo ni mengine. Gari haliingii vichochoroni, vyumba vingi vya mji wa kale havikujengwa kwa ajili ya watu 60 kukaa wakitazama ukuta mmoja, na sehemu ya wageni wako inalala ng'ambo ya maji.

Sababu za kuja zipo, tena nzito. Kwa mwendo mfupi wa boti na gari unafikia bandari mpya ya Manda, ambayo gati yake ya kwanza ilizinduliwa Mei 2021. Unafikia Shela, ambako maji matamu ya kisiwa huhifadhiwa chini ya vilima vya mchanga. Unafikia Matondoni, kijiji cha mafundi wanaounda majahazi bila mchoro wa karatasi. Na mji wenyewe, uliotiwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ni somo tosha la vifaa vya ujenzi.

Mwongozo huu ni wa semina ya siku moja yenye watu wapatao 60: wanafunzi na wahadhiri kutoka Mombasa au Nairobi, wahandisi wa kaunti na wa bandari, na mafundi wa Lamu. Mkiwa 25 mengi yatakuwa mepesi. Mkizidi 100, tafuteni ukumbi Mokowe, ng'ambo upande wa bara, na mji wa kale muuendee kwa matembezi tu.

Tarehe

Weka mbele yako kalenda mbili, ya kawaida na ya Kiislamu. Ramadhani iache kabisa. Mfungo Sita pia uuangalie vizuri: wakati wa Maulidi mji hujaa wageni, vyumba havipatikani na mafundi unaowataka wana shughuli zao. Ijumaa isiwe siku ya semina. Jumamosi ndiyo inayofaa, na wageni wafike Ijumaa jioni. Masika, kuanzia Aprili hadi Juni, huleta mvua ya kulowesha vifaa njiani, na upepo wa kusi ukishika kasi bahari huchafuka. Januari, Februari, na Agosti mwishoni hadi Oktoba ni salama zaidi, mradi msigongane na mitihani.

Tarehe ya mwezi wa Kiislamu inakuambia pia habari za maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Katika pwani hii, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 jioni na hupwa karibu saa 4 asubuhi, kisha kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu, saa zimegeuka lakini tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo, haisumbui sana. Kwa hiyo Jumamosi iliyo karibu na tarehe 1 au 15 ya mwezi inawafaa wanaoondoka jioni, ila inamtesa anayetaka kupitisha boti asubuhi mahali penye kina kifupi.

Hesabu hiyo ni ya kukusaidia kuchagua tu. Ya kupangia safari itoke kwenye jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, na baada yake kwa nahodha mwenyewe. Mpigie, mwamkie, umuulize hivi: “Shikamoo nahodha. Jumamosi tuna watu thelathini wa kurudi Mokowe saa kumi na moja. Maji yatakuwaje saa hiyo, na tupandie wapi?” Swali la mwisho husahauliwa. Maji yakiwa yamekupwa, boti kubwa haikaribii baadhi ya ngazi za ufukweni, na utawaona wahadhiri wakivua viatu huku mikoba ya laptopu iko kichwani.

Kuhesabu kurudi nyuma

Kosa la kawaida la kamati ni kuanza ratiba na saa 3 asubuhi kisha kupanga mada moja baada ya nyingine hadi ziishe. Lamu ratiba huanzia mwisho. Jua huzama kati ya kama saa 12:05 na 12:35 jioni, kutegemea mwezi. Boti ya kwenda Mokowe isiondoke baada ya saa 11, ili watu wafike, wahesabiwe na wapande gari kungali mwangaza. Usafiri wa usiku barabara ya Mokowe kwenda Garsen usiupange hata kidogo. Hali ya usalama na masharti yake hubadilika, kwa hiyo waulize polisi wiki ya safari, wala usitegemee alichosema mtu mwaka jana.

Boti ikiondoka saa 11, watu wawe jetini saa 10:40. Kutoka ukumbini hadi jetini, pamoja na kuchukua mizigo na kuagana (na Lamu kuagana huchukua muda), ni dakika 25. Semina basi inafungwa saa 10:15 kamili. Kabla ya hapo kuna Alasiri, inayoingia kati ya kama saa 9:05 na saa 9:45. Mchana kuna Adhuhuri. Ukizitoa hizo, siku inabaki hivi:

Saa 2:15 hadi 3:00, kujiandikisha na chai.
Saa 3:00 hadi 3:15, kufungua.
Saa 3:15 hadi 4:45, mada tatu.
Saa 4:45 hadi 5:15, mapumziko.
Saa 5:15 hadi 6:15, mada mbili.
Saa 6:15 hadi 7:45, Adhuhuri na chakula.
Saa 7:45 hadi 9:15, mada mbili na nafasi moja tupu.
Saa 9:15 hadi 9:45, Alasiri.
Saa 9:45 hadi 10:15, majadiliano na kufunga.

Mada saba. Nafasi tupu ya alasiri usiijaze, hata mkuu wa idara akiomba. Ndiyo itakayomeza boti iliyochelewa asubuhi, hotuba ya kiongozi aliyeahidi dakika tano, na umeme uliopotea. Isipoliwa na kitu, igeuze kuwa muda wa mabango ya wanafunzi. Saa za swala mtafutie mtu wa msikiti wa karibu na ukumbi akupe za wiki hiyo, na nafasi ya Alasiri muisogeze ikibidi, maana swala ya jamaa haisimami dakika ileile wakati unapoingia.

Kila nafasi ya mada ni dakika 30: dakika 20 za kusema, 8 za maswali, 2 za kubadilishana kwenye jukwaa. Mtoa mada mwambie kwa maandishi kwamba ana dakika 20. Ukimwambia ana nusu saa, ataandaa slaidi za dakika 45.

Ukumbi

Kabla hujapendezwa na nyumba ya kale yenye vidaka na mlango wa nakshi, pima upana wa vyumba. Dari ya nyumba ya mawe hubebwa na boriti za mikoko, na boriti hazina urefu wa kutosha kuvuka nafasi pana. Ndiyo maana vyumba vya Lamu ni virefu na vyembamba, upana usiofika mita 3. Ukiweka watu 60 mle, utapata safu za watu wanne na wa nyuma yuko umbali wa mita 13 au zaidi kutoka kwenye picha. Haoni kitu.

Kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba kubwa, kinafaa kwa watu 25 hadi 30, asubuhi, kabla jua halijasimama juu. Kwa watu 60 tafuta ukumbi wa shule, wa taasisi ya kaunti, au eneo la wazi lenye paa la makuti. Unahitaji mita mraba 1.2 kwa kila aliyekaa kwenye kiti bila meza, yaani mita mraba 72, na juu yake kama 20 za jukwaa, njia na meza ya kujiandikisha.

Juu ya paa la nyumba ya kale pana upepo mzuri na kila kamati huvutiwa napo. Nyinyi ni watu wa uhandisi, kwa hiyo fanyeni hesabu. Watu 40 wa kilo 70 kwenye mita mraba 30 ni kama kilonyutoni 0.9 kwa mita mraba, na hiyo ni hali ya kukaa kwa nafasi. Wakisimama wote upande mmoja kupiga picha ya pamoja, mzigo wa sehemu hiyo unapita kilonyutoni 2. Viwango vya Uingereza vilivyotumika muda mrefu Kenya huweka 1.5 kwa sakafu ya nyumba ya kuishi, na 4 hadi 5 kwa mahali pa mikusanyiko. Sakafu ya chokaa na matumbawe juu ya boriti haikuhesabiwa kwa namna hiyo, na pahali pa kuogopwa ni ncha ya boriti iliyoingia ukutani, ambako unyevu na mchwa hufanya kazi bila kuonekana. Fundi wa Lamu akikuambia “hapa watu kumi na tano basi”, mkubalie.

Ukumbi ukague saa ileile mada zitakapotolewa, si jioni. Tazama mwanga unaingilia wapi: picha iwe kwenye ukuta ulio kando ya madirisha, isiwe ukuta unaotazamana nayo, na usimweke mtoa mada mbele ya dirisha akawa kivuli. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mwangwi unajirudia, kuta za lipu ngumu zitayala maneno. Tandika mabusati, ning'iniza vitambaa vizito ukuta wa nyuma, na tumia spika mbili ndogo karibu na watu badala ya moja kubwa mbele.

Umeme

Jumlisha kwanza. Projekta wati 300, laptopu 65, amplifaya na spika 200, feni sita za wati 70 jumla 420, ruta 15. Hiyo ni wati 1,000, na kwa volti 240 ni ampea 4 na kidogo. Mzigo mdogo. Kinachoharibu semina ni birika la umeme la wati 2,200 ambalo mtu wa chai amelichomeka kwenye ekstensheni hiyohiyo. Sasa mko kwenye ampea 13 na zaidi, na ikiwa ekstensheni ni ya kuzungushwa na waya bado umekunjwa kwenye gurudumu lake, joto halina pa kutokea: swichi yake ya joto inakatika, au ganda la waya linaanza kulainika. Kunjua waya wote hata kama unahitaji mita tano tu. Waya uwe wa milimita mraba 1.5 hadi mita 30, na 2.5 ukizidi hapo. Chai ije imeshachemshwa, ndani ya chupa.

Umeme ukipotea, mambo mawili tofauti yanatakiwa na watu huyachanganya. La kwanza ni kuvuka dakika za mwanzo. Projekta ya taa ikikatiwa umeme ghafla, feni yake inasimama taa ikiwa bado moto. Hilo hufupisha maisha ya taa, na kuiwasha tena utangoja ipoe. Weka UPS (kifaa chenye betri kinachoshika mara umeme ukikatika) ya VA 1,000 kwa projekta na laptopu peke yake. Itakupa dakika chache, zinatosha mtu kwenda kuwasha jenereta. Spika na feni zisichomekwe humo.

La pili ni kuendelea na siku. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, ya asidi, itumie nusu tu usije ukaiua: ni wati-saa 600. Inveta, inayogeuza umeme wa betri kuwa wa soketi, inakula kama asilimia 15, zinabaki 510. Projekta, laptopu na spika ndogo ya wati 60 ni wati 425, hivyo una saa moja na dakika kumi hivi. Ni mada mbili. Mkitaka siku nzima kodisheni jenereta ya inveta ya kVA 2, yenye lita 8 za petroli kando, kwenye dumu la chuma lenye kifuniko. Iwekwe nje, upande ambao upepo unaondoa moshi. Ndani ya kiwanda kilichozungukwa na kuta isiingie kamwe. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu isiyonuka, na mle haina pa kutokea. Na kabla ya kuiwasha waendee majirani, maana vichochoro vya Lamu vinabeba sauti.

Iwasheni jenereta siku moja kabla, ikiwa na mzigo wote, kwa nusu saa. Jenereta iliyokaa stoo miezi sita ikivuta hewa ya chumvi huwaka vizuri bila mzigo, ukiongeza projekta inakohoa na kuzima. Mara nyingi ni kabureta iliyoziba kwa petroli iliyokauka.

Picha, sauti na hewa ya chumvi

Picha ya upana wa mita 2.4 ina kimo cha mita 1.35. Mtu wa mwisho asikae mbali kupita mara sita ya kimo hicho, yaani mita 8. Projekta ya kawaida yenye uwiano wa 1.5 wa umbali kwa upana wa picha itakaa mita 3.6 kutoka ukutani. Kwa ukumbi wenye mwanga wa mchana usikubali chini ya lumeni 3,500. Maandishi ya slaidi yasiwe chini ya ukubwa wa pointi 24. Grafu zenye mistari ya manjano kwenye weupe hazionekani kabisa mchana, na kila mwaka kuna mtu anazileta.

Kwenye upepo wa kaskazi au kusi, kitambaa cha kuonyeshea hugeuka tanga. Kifunge kona zote nne, na fito chini.

Kifaa kilicholala kwenye chumba cha kiyoyozi kikitolewa ghafla kwenye joto la saa 2 asubuhi, unyevu hutanda kwenye lenzi na ndani yake. Kiache kwenye mkoba uliofungwa dakika 40 kizoee. Botini kila laptopu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji, na asiyekuwa nao akae nyuma karibu na nahodha. Mbele ndiko maji yanakorukia. Mizigo ya ukumbini mpe hamali wa mkokoteni, mkubaliane bei kabla hajanyanyua, na umwambie wazi kipi kisilazwe ubavu.

Leteni adapta ya HDMI kwenda VGA, ya USB-C kwenda HDMI, kebo ya mita 10, na rimoti yenye betri mpya. Slaidi zote zikusanywe siku mbili kabla, katika faili ya PDF pamoja na ya asili, na zipakiwe kwenye laptopu moja. Kila mtoa mada akija na laptopu yake, zile dakika 2 za kubadilishana zinakuwa 7, na mara saba hizo ni zaidi ya nusu saa imekwenda.

Kuhusu wanaofuatilia kwa mtandao: kuta za matumbawe zenye unene wa karibu nusu mita hukata mawimbi, kwa hiyo ruta ya simu ikae dirishani au juu, na kebo ishuke. Hitaji lako ni megabiti 2 kwa sekunde za kupandisha, thabiti, zilizopimwa saa ileile ya semina. Beba laini za kampuni mbili. Sauti ichukuliwe kutoka kwenye miksa moja kwa moja; maikrofoni ya laptopu itawapa walio mbali mlio wa feni tu.

Watoa mada

Tangazo la kuomba mada litoke wiki 12 kabla, ikisiri zifike wiki 8 kabla, majibu wiki 7. Ikisiri iwe na maneno 200 hadi 250 na ijibu mambo matatu: tatizo gani, mmepima nini na kwa njia gani, mmepata nini kwa tarakimu. Ikisiri inayosema “matokeo yatajadiliwa” irudishwe. Ni dalili kwamba kazi haijafanyika.

Mada ziwe na uhusiano na mahali. Mwanafunzi aliyechambua kutu ya nondo ndani ya zege la pwani atapata maswali ya maana kuliko aliyeleta mada ya jumla ambayo angeitoa popote. Chumvi inavyoingia kwenye zege, maji ya visima vya Shela na hatari ya maji ya bahari kujipenyeza yakivutwa kupita kiasi, jua na betri kwa visiwa, chokaa ya zamani dhidi ya saruji kwenye kuta za matumbawe: hizo zinajaza siku.

Ya mwisho hiyo izingatiwe. Fundi wa chokaa atawaambia lipu ya saruji ikipakwa juu ya ukuta wa kale hubanduka baada ya miaka, nayo huondoka na uso wa jiwe. Mwanafunzi ana maelezo ya kitaalamu: saruji ni ngumu na haipitishi unyevu, maji yanayopanda ukutani yanakosa pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu na kuisukuma. Waweke hao wawili kwenye nafasi moja, dakika 20 wakigawana. Fundi usimwombe slaidi. Mwombe alete kipande cha ukuta, chokaa iliyolowekwa, na mwiko wake. Mwaliko wake upelekwe kwa miguu na mtu anayemjua, wala si kwa ujumbe wa simu, na posho yake iwe sawa na ya mhandisi. Kama wahandisi wanalipwa na fundi anapewa “asante na chakula”, mji mzima utajua kabla ya Magharibi.

Lugha ya semina iwe Kiswahili, na slaidi zinaweza kubaki za Kiingereza. Ukifanya kinyume chake, nusu ya wenyeji watanyamaza siku nzima.

Mwenyekiti wa kikao

Kazi hii mara nyingi hupewa mtu mwenye cheo. Mpe mtu asiyeogopa kumkatiza mwenye cheo. Mbele yake kuwe na saa kubwa na kadi tatu za manila, ukubwa wa A4: “5”, “2”, na “Basi”. Kadi ya “5” inyanyuliwe hadi mtoa mada aitikie kwa kichwa. Ikinyanyuliwa na kushushwa haraka atasema hakuiona. Dakika ya 20 mwenyekiti asimame. Kusimama kwenyewe kunatosha mara nyingi. Isipotosha, maneno ni haya: “Ahsante sana Mhandisi, tumekufahamu. Malizia slaidi hii, mengine yatatoka kwenye maswali.” Dakika ya 22 akiwa bado anasema, maikrofoni izimwe na kofi zianze, na mtu wa kuanzisha kofi awe ameandaliwa.

Kwenye maswali, la kwanza apewe mwanafunzi. Profesa akianza, wanafunzi wote wanaona kiwango kimeshawekwa na hawanyanyui tena mikono. Maswali yakusanywe mawili mawili, yasiwe matano, kwa sababu mtoa mada atajibu analolipenda na kusahau yaliyobaki. Waandaliwe pia wasaidizi wawili wa kuzungusha maikrofoni, mmoja kila upande. Wanawake wakiwa wamekaa upande wao, maikrofoni isiishie kwa wanaume.

Kuna mada zitakazowasha ukumbi. Kituo cha umeme wa makaa ya mawe kilichopangwa Lamu kilifutiwa leseni ya mazingira na jopo la kitaifa la kesi za mazingira (National Environment Tribunal) Juni 2019, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa wananchi kutoshirikishwa ipasavyo. Bandari nayo imegusa maeneo ya wavuvi. Mada hizi msizikwepe, zina mafunzo kuliko nyingi za darasani, ila zisiwekwe nafasi ya mwisho kabla ya boti. Ziwekwe saa 3:45 asubuhi, ili waliobaki na la kusema waendelee nalo wakati wa chai.

Ruhusa na ziara

Mkuu wa kituo cha polisi na chifu wapewe barua mapema, hata kama kikao ni cha ndani. Mtu akitaka kurusha droni apate kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Lamu aseme pia na ofisi za usalama. Droni isiyojulikana karibu na bandari inaweza kuimaliza semina yenu hapohapo. Wanafunzi watakaohoji watu au kukusanya data za utafiti wanahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi. Kama mnataka wahandisi wapate pointi za maendeleo ya taaluma, shughulikieni na Bodi ya Wahandisi kabla ya kuchapa bango, na msiziandike kabla jibu halijafika.

Ziara ya bandari iwe siku ya pili. Barua kwa Mamlaka ya Bandari iende wiki sita kabla, ikiwa na majina na namba za vitambulisho, na msibadilishe majina wiki ya mwisho, kwa kuwa asiyekuwa kwenye orodha atabaki getini. Kila mtu awe na viatu vilivyofungika, kofia ngumu na kizibao cha kuakisi mwanga. Viatu vya wazi havipiti. Njia ya gari kutoka Mokowe haina wasiwasi wa maji. Mkienda kwa boti mtapita Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na maji yakiwa yamekupwa kina hakitoshi. Nahodha atangojea, nanyi mtangojea juani.

Chakula, maji na karatasi

Maji ni lita 1.5 kwa mtu, lita 90 kwa watu 60, yaani madumu matano ya lita 20 na vikombe vya kuoshwa. Mahamri, mbaazi na viazi karai vinatosha asubuhi. Mchana wali na samaki. Agiza kwa idadi ya waliothibitisha na uongeze kumi kwa mia, na mpishi alipwe nusu kabla. Karatasi za washiriki zisitiwe kwenye mifuko ya plastiki, imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017. Bahasha za khaki zinatosha. Majina ya vyeti yachukuliwe siku ya kujiandikisha kwa herufi kubwa, kama yalivyo kwenye kitambulisho, na mtu mwenyewe ayasome tena kabla ya kuchapwa. Vyeti vitumwe kwa barua pepe wiki ileile. Kuvichapa Lamu siku ya semina ni kumtafutia mwenye printa balaa.

Kabla ya boti

Saa 10:15 mwenyekiti akifunga, watu watatu wawe tayari wana kazi. Wa kwanza anahesabu vifaa kwa orodha iliyotumika kuvipokea: kebo na rimoti ndizo zinazopotea, kwa sababu kila mtu anadhani zimo kwenye mkoba wa mwenzake. Wa pili anakusanya fomu za maoni zenye maswali manne tu na kuziweka kwenye bahasha moja. Wa tatu yuko jetini na orodha ya majina, na anaweka alama kwa kila anayepanda na kuvaa jaketi ya kujiokolea. Boti haifunguliwi kamba hadi orodha itimie, na atakayetaka kubaki Lamu jina lake likatwe kwa kalamu mbele yake, si kwa kuambiwa na rafiki yake kwamba amebaki.